Koti la Mjumbe wa Bongwe

Wajukuu zangu, na nyinyi vijana wa Ukunda mnaojiita mafundi kwa sababu mna mashine ya kuchapa picha kwenye fulana, hebu zimeni mashine zenu kidogo mnisikilize. Msimu wa kura ukifika nawaona. Asubuhi mnachapa uso wa mgombea, alasiri mnachapa uso wa mpinzani wake, na fulana yenyewe ikifuliwa mara mbili mgombea hana masikio. Sisi tulishona. Nguo ya kura ya wakati wetu ilikaa mwilini hata baada ya chama chenyewe kufa, na hapo ndipo ilipotuletea taabu.

Mnadhani pia kaunti zimeanza na nyinyi. Nilipokuwa kijana, nimeoa juzi, na cherehani yangu ya kukanyaga iko kwenye baraza ya duka moja pale sokoni Msambweni, nchi hii ilikuwa na majimbo. Pwani tulikuwa jimbo moja, tuna Baraza la Jimbo lililokutana Mombasa, na wajumbe wake tuliwachagua wenyewe. Vyama vikubwa vilikuwa viwili. Kimoja kilitaka kila jimbo lijiamulie mambo yake, hasa mambo ya mashamba, na hicho tukikiita chama cha majimbo. Cha pili kilitaka nchi nzima iongozwe kutoka Nairobi, tukakiita chama cha serikali moja. Majina yao rasmi nayaacha, maana nikiyataja mtaanza kubishana na mimi bado sijamaliza.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Athmani, mzee mfupi wa Vanga, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kushonea na ulimi wake hauna pindo. Nikikosea mshono alikuwa haniambii neno. Alikuwa akininyang'anya ile nguo mikononi, anaivaa yeye mwenyewe juu ya kanzu yake na kupita nayo sokoni ili watu wacheke. Lakini siku uchaguzi ulipotangazwa aliniita pembeni akazungumza kama baba.

"Bakari, mtu akija kushonewa suti kabla ya kura, mwachie vidole viwili vya kitambaa ndani ya mshono. Ubavuni na nyuma ya kiuno. Akishinda atarudi umwongezee. Akishindwa, wewe hujapungukiwa na kitu."

Nilifikiri ananitania. Baada ya kura nikaona kweli. Waliochaguliwa walirudi mmoja mmoja wakisema kitambaa kimepungua kwa kufuliwa, nami nikifumua na kuachia, nikikubali kwamba kitambaa kimepungua. Hilo nalo alinifundisha Fundi Athmani: unachokiona kwenye mwili wa mtu ukiwa umeshika tepu, kiache hapo hapo barazani.

Kazi kubwa lakini ilikuwa ya kina mama. Kila chama kilikuwa na kundi lake la wanawake, na kila kundi lilitaka sare, gauni na leso za rangi moja. Mimi mwanamume nisingeweza kuwapima. Mke wangu, Riziki, aliwapima ndani nyuma ya pazia, akinipigia kelele za vipimo na mimi nikiandika kwa chaki ukutani. Siku moja wanawake wa vyama viwili walikutana nyuma ya lile pazia. Riziki anataja kifua, mmoja anataja mashamba, mwingine anataja Nairobi, na mimi nikaandika kiuno mahali pa mabega. Mwenye gauni alipolivaa likamkwama shingoni. Akatoka nje kichwa kikiwa bado ndani ya nguo, akaniambia ya kwamba anajua nimetumwa na nani.

Tangu siku hiyo tukagawa siku. Jumatatu ya chama cha majimbo, Jumanne ya chama cha serikali moja. Ilitusaidia sana, na ikatupa jambo ambalo hatukulitarajia. Mama wa Jumatatu akitokea Jumanne, amejitanda vizuri, anaangalia pembeni kama aliyepita njia tu, sisi tulijua nyumba ile imehama chama. Tulijua kabla ya mwenyekiti wake, na mara nyingine kabla ya mumewe.

Mwenyewe wa Jumatatu, aliyewaleta wengine wote, alikuwa Bi Mejumaa wa Bongwe. Alikuwa mama mrefu, mkulima wa mihogo na minazi, na hakuna aliyempinga akabaki na jambo la kusema. Yeye ndiye aliyemlea Mwalimu Rashidi, mtoto wa marehemu dada yake, aliyekuwa akifundisha shule ya Msambweni. Mwalimu alikuwa mpole, anaomba radhi hata akikanyagwa yeye. Chama cha majimbo kilipomsimamisha agombee kiti cha Baraza la Jimbo, wengi tulishangaa. Bi Mejumaa hakushangaa. Alipita nyumba kwa nyumba kutoka Bongwe mpaka Tiwi akiwaambia watu kwamba mashamba wanayolima hayana hata karatasi, na kwamba wakikosa mtu wao wa kuwasemea, siku moja watalima kwa ruhusa ya mgeni. Kwa sababu ya kura ile aligombana na jirani yake wa miaka mingi aliyekuwa wa Jumanne. Jirani alimwoza binti yake, na Bi Mejumaa hakwenda harusini. Mtu wa kwetu anajua uzito wa neno hilo.

Mwalimu alishinda. Kina mama wa Bongwe wakaamua kumvisha. Sasa hili niwaeleze, maana nimeona siku hizi mnamvisha kila mwenye gari. Kwetu mtu akiwapa watu wake furaha, kina mama humvika leso mabegani kwa vigelegele. Si zawadi ya kwenda kuweka kabatini. Ukishavikwa na watu, wewe ni wao, na katika desturi ya wale kina mama wa Bongwe, waliokuvisha ndio wenye haki ya kukuvua. Safari hii Bi Mejumaa hakutaka leso.

"Leso atavikwa na kila kijiji," aliniambia. "Sisi tunataka koti. Akisimama kule Mombasa, wamwone ana watu nyuma yake."

"Koti la namna gani, mama?"

"La buluu. Na hapa kifuani umtilie alama ya chama. Iwe kubwa, ionekane kutoka ng'ambo ya barabara."

Nikashona. Nimeshona makoti mengi maishani mwangu, lakini lile nililishona vizuri. Kitambaa kigumu cha drili ya buluu, bitana nyeusi ndani yake, kola imelala kama inavyotakiwa, na alama ya chama ya duara upande wa moyo, kubwa kama kisahani cha chai. Nikamwachia vidole viwili ndani ya mshono. Siku ya kumvisha, Bi Mejumaa alimfunga vifungo kwa mkono wake mbele ya Bongwe nzima, na Mwalimu akasema maneno ambayo angekuwa mwanasiasa wa kweli asingeyasema. Alisema alama ile haitatoka kifuani mwake, na kwamba hatarudi mbele yao bila jawabu la mashamba.

Vile vidole viwili havikuhitajika kabisa. Wenzake walinenepa, yeye akawa anakonda. Baraza la Jimbo lilipewa viti na meza na mahali pa kutia sahihi, lakini madaraka yakawa ni ya kesho, na ikifika kesho yanakuwa ya kesho kutwa. Uhuru ulikuja, tukaimba, tukachinja, na baada ya hapo kila jambo la Pwani likawa linangoja jibu la Nairobi. Mwalimu alivuka feri ya Likoni kwenda na kurudi, na koti lake la buluu likaendelea kupauka kwa jua na kufuliwa. Siku moja alikuja barazani akanisalimia kwa adabu zake, kisha akanong'ona.

"Fundi, hebu lipunguze kidogo ubavuni. Kitambaa kimelegea."

"Ndiyo, Mwalimu," nikamwambia. "Drili hulegea sana."

Drili hailegei. Nililipunguza, na alipokwenda Riziki akatoka nyuma ya pazia akaenda kumpelekea mke wa Mwalimu kapu la viazi.

Sasa nyinyi mnauliza chama hufaje. Mimi nilikiona kikifa kwa siku za wiki. Jumatatu zilianza kupungua watu, na Jumanne wakawa wanakaa mpaka chini kwenye ngazi. Kila aliyehama alikuwa na sababu yake na mimi sikuwacheka. Mwenye mtoto alitaka mtoto apate kazi, mwenye duka alitaka leseni isicheleweshwe. Mpaka ikafika Jumatatu moja alikuja Bi Mejumaa peke yake. Akakaa kwenye benchi, akaangalia huku na huku.

"Fundi, leo Jumatatu au mmebadilisha?"

"Jumatatu, mama."

"Na wenzangu?"

"Naona wana shughuli."

"Shughuli yao ni kesho," akasema, akatoa gauni lake lenye kifungo kimoja kilichokatika. Riziki alikitia kifungo kile taratibu mno, kwa kuwa hakutaka aondoke haraka.

Haukupita muda, redio ikatangaza kwamba viongozi wakubwa wa chama cha majimbo wamekivunja chama wenyewe na kujiunga na kile cha serikali moja. Majimbo nayo yakawa njiani kuondoka. Kesho yake baraza yangu ilijaa wanaume, kila mmoja na koti au shati lake la buluu la chama chini ya kwapa, na wote wanataka jambo moja: nifumue alama.

Kufumua si kazi. Unachukua wembe, unakata uzi kutoka nyuma, unavuta. Nilifumua ya kwanza, nikapuliza nyuzi, nikamwinulia mwenyewe aone. Koti lote limepauka kwa jua, lakini pale palipokuwa na alama kitambaa ni kipya, buluu iliyokolea, duara kamili. Nilikuwa nimeiondoa alama, na sasa ilionekana zaidi kuliko mwanzo. Fundi Athmani alikuja, akavaa miwani, akaangalia, kisha akacheka mpaka akashikwa na kikohozi tukamletea maji.

Watu walijaribu kila dawa. Kuna aliyesugua kwa majani ya chai. Kuna aliyelianika koti lake juu ya makuti, amelifunika lote kwa magazeti isipokuwa lile duara, ili jua limsawazishie; mbuzi wa jirani akala magazeti na mkono mmoja wa koti. Wengine waliniambia nibandike alama ya chama kipya juu yake. Nikabandika, lakini ya chama kipya ilikuwa ndogo, basi ikazungukwa na ukingo wa ile ya zamani, na mtu akawa anatembea na vyama viwili kifuani. Miezi ile ukipita soko la Msambweni ungewatambua wote waliohama, na kwa kuwa walikuwa wengi mno, ikawa hakuna wa kumcheka mwenzake.

Mwalimu Rashidi alikuja wa mwisho. Alisubiri hadi baraza imekuwa tupu, akavua koti akaliweka juu ya meza ya kukatia.

"Nimehama, Fundi," akasema. "Nimetia sahihi jana. Huku nilikokuwa sikuwa na mlango wa kubisha. Kule angalau nitauliza habari ya mashamba, hata kama hawanijibu."

"Nifumue?"

"Fumua. Lakini usinifunikie juu yake kitu kingine."

Nikafumua. Duara likatokea kama kwa wengine. Akapitisha kidole ukingoni, akalivaa koti. Aliniambia anakwenda Bongwe kurudisha koti, na akaniomba niende naye kwa kuwa ndimi niliyelishona. Nilikuwa na gauni la bi harusi mkononi, la watu wasioniamini tangu mwanzo, lakini nililiacha. Uso wake haukuwa uso wa kumwacha aende peke yake. Kwa mtu mwingine Bongwe ilikuwa kura. Kwake yeye ilikuwa nyumbani, na yule mama alikuwa ndiye mama pekee aliyekuwa naye.

Tulishuka basi Ukunda, ambapo siku hizo palikuwa njia panda na maduka machache, tukatembea kwa miguu. Habari ilikuwa imetutangulia. Uwanjani kwa Bi Mejumaa kina mama walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wengine wao wakiwa wale wale niliowaona barazani kwangu siku za Jumanne, na wanaume wamesimama kando ya ua. Mwalimu akatoa salamu, akaitikiwa. Akaenda moja kwa moja mbele ya mama yake mdogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimehama chama. Niliwaapia hapa, na sikuweza. Nimekuja mnivue."

Bi Mejumaa aliangalia lile duara la buluu kifuani mwake. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, nikijilaumu kana kwamba mimi ndiye niliyechagua kitambaa.

"Na mashamba?" akauliza.

"Sina jawabu, mama."

"Nimeacha harusi ya jirani yangu kwa ajili ya chama hiki. Tumezungumza naye maisha yetu yote kupitia ua ule pale, sasa tunapitana kisimani kama hatujuani. Huyo nani atanirudishia?"

"Sijui, mama," akasema Mwalimu.

Yule mama akainuka. Akaanza kufungua vifungo, kimoja kimoja, kuanzia juu, kama alivyovifunga. Nilichokiogopa ni kwamba angelitupa lile koti chini mbele ya watu, na Mwalimu asingeinuka tena kutoka pale. Bi Mejumaa akalitoa mabegani, akalikunja likawa dogo, akampa mama mmoja aliyekaa nyuma yake. Ndipo akamwona Mwalimu vizuri akiwa na shati peke yake. Mimi na Riziki tulikuwa tumeyazoea maungo yale pale barazani. Yeye alikuwa hajayaona. Shati lilimning'inia kama limetundikwa. Akamshika mkono juu ya kiwiko, na vidole vyake vikakutana upande wa pili.

"Rashidi," akasema kwa sauti ya chini, si ya mkutano. "Tangu lini umekuwa hivi?"

Mwalimu akalia. Mtu mzima, mjumbe wa Baraza la Jimbo, alilia wazi mbele ya waliomchagua, na wanaume pale uani wakaangalia miguu yao.

Akakalishwa mkekani, akaletewa wali wa nazi na samaki, na Bi Mejumaa akakaa pembeni yake akimchambulia miiba. Kila aliposema ameshiba aliongezewa. Koti halikurudishwa, na hakuna aliyedai lirudishwe. Kina mama walikuwa wamelichukua na ilikuwa haki yao. Hakuna aliyemwita mheshimiwa siku ile. Walimwita Rashidi.

Jua lilipoanza kupoa tukaaga. Upepo ulikuwa unavuma kutoka baharini, na yeye na shati lile jepesi. Tumefika penye ua, Bi Mejumaa akamwita. Akavua leso aliyojitanda, akabaki na moja ya kiunoni, akamzungushia mabegani na kumfunga mbele kama anavyofungwa mtoto mgonjwa. Hakikupigwa kigelegele.

"Hii si ya mjumbe," akamwambia. "Nenda huko ulikohamia ukaulize habari ya mashamba. Ukipata jawabu, lilete. Na usipopata, uje hivyo hivyo."

Mnasikia, wajukuu zangu? Mwanamume mwenye kiti chake Mombasa, anapita katikati ya Bongwe na leso ya mama mabegani, watu wamejaa kwenye vizingiti, na hakuna aliyecheka. Alipita nayo mpaka njia panda. Alipanda nayo basi. Tulikaa kiti kimoja mpaka Msambweni, hakuivua, na mimi fundi wake sikumwambia aivue.